Kabla ya kulifunika gari jeupe, uliza filamu itatokaje

Mteja anayeingia kwenye duka la urembo wa magari jijini Dar es Salaam kuulizia ile filamu angavu ya kulinda rangi, ambayo mafundi wanaiita PPF, huwa na swali moja mdomoni: itakaa miaka mingapi? Anajibiwa mitano, saba, pengine kumi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei. Kwa jua letu, na hasa kwa gari jeupe, swali hilo lilipaswa kuwa la pili. La kwanza ni hili: siku ya kuibandua ikifika, itatokaje, na itaondoka na nini?

Naandika haya nikiwa naiunga mkono filamu yenyewe. Kwa familia nyingi za kwetu gari ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote baada ya nyumba, na kwa wengine limetangulia nyumba. Limenunuliwa kwa mkopo, kwa kiinua mgongo, kwa fedha za kikoba. Mtu anayetaka rangi yake idumu hafanyi anasa. Gari jeupe linauzika upesi, na mnunuzi wa mkononi huizunguka bodi yote kwa macho kabla hajafungua boneti. Kinachoniudhi ni kwamba bidhaa hii inauzwa kwetu kama mwavuli wa jua, ilhali ilibuniwa kuzuia mawe, na kuchanganya kazi hizo mbili kumewatoa watu fedha nyingi.

Chimbuko lake ni vita vya Vietnam. Mapanga ya helikopta za Marekani yalikuwa yakiliwa na mchanga na changarawe zilizorushwa na upepo wa helikopta zenyewe, na kampuni ya 3M ikatoa tabaka jembamba la plastiki ya poliurethani la kubandika kwenye kingo za mapanga hayo. Baadaye tabaka hilo likahamia kwenye magari ya mashindano, likaboreshwa likawa angavu, na hatimaye likaingia kwenye magari ya watu wa kawaida. Filamu ya siku hizi huwa na unene wa maikroni 150 hadi 200, yaani haifiki hata robo ya milimita. Hata hivyo ni nene kuliko rangi inayoilinda. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia ya juu kabisa, kwa magari mengi ni maikroni 100 hadi 150 tu, na klia yenyewe, ambayo ndiyo inayobeba mng'ao na kulipokea jua la kwanza, ni kama 40 hadi 50.

Ukiwa na picha hiyo kichwani utaona kwa nini kwenye mawe filamu haina mpinzani. Anayesafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Morogoro nyuma ya malori ya Zambia na Kongo anaijua sauti ya kokoto ikipiga bampa. Kila moja inatoboa klia na rangi, wakati mwingine inafika kwenye bati, na kwenye gari jeupe kitobo kile hakijifichi: kwanza ni nukta nyeusi, kisha mvua za masika zinaigeuza nukta ya kutu. Poliurethani inanyumbulika, inalipokea pigo, inarudi mahali pake. Tabaka lake la juu lina sifa nyingine nzuri, kwamba mikwaruzo midogo ya tambara la kuoshea hujifuta yenyewe likipata joto. Hapo jua letu linasaidia.

Pengine pote jua halisaidii, na hapa ndipo ahadi za wauzaji zinapopaswa kupimwa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa, na katika miezi mingine haliendi mbali. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale ya urujuanimno ambacho kikifika 11 kinahesabiwa kuwa ni hatari ya juu kabisa. Kwetu namba hiyo na zaidi yake ni jambo la kawaida mchana usio na mawingu. Wenzetu wa Nairobi na Arusha wasijidanganye kwa ubaridi wao. Miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu. Gari linaloshinda juani Westlands halichemki kama la Mombasa, lakini klia yake inapigwa na mwanga mkali zaidi. Joto na miale ni maadui wawili tofauti. Joto huichosha gundi na kuilainisha plastiki, miale hukata minyororo ya kemikali ndani ya klia mpaka inapoteza nguvu, inapauka na kuanza kumenyuka.

Vyote viwili huangukia zaidi nyuso zilizolala: paa, boneti, mfuniko wa buti. Milango husalimika kwa muda mrefu. Kampuni zinazotengeneza stika za kufunika magari zinalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu baadhi yake huigawa dunia katika kanda za hali ya hewa na kupunguza miaka ya dhamana kwa nchi za jua kali, kisha kuipunguza tena kwa nyuso zilizolala. Ukisikia "miaka kumi" dukani, omba uoneshwe kama miaka hiyo inahusu paa la gari linaloegeshwa Tanga au mlango wa gari linaloishi Ujerumani.

Sasa tuje kwenye weupe wenyewe. Kwa zaidi ya muongo mmoja nyeupe imekuwa rangi inayoongoza kwenye magari mapya duniani, na kwa nchi za joto ni chaguo lenye akili. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walilinganisha magari mawili madogo yanayofanana kwa kila kitu, moja jeusi na moja la fedha, na kukuta hewa ndani ya lile la fedha ina joto pungufu kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi baada ya kukaa juani. Magari meupe yamo katika kundi hilohilo la rangi zinazorudisha jua. Tena weupe wake hauchuji kirahisi. Unatokana na titani dioksaidi, unga uleule unaotia weupe rangi za ukutani, na mwanga hauufifishi kama unavyofifisha rangi nyingi nyekundu. Wanaokumbuka magari mekundu ya zamani yaliyogeuka waridi kwa jua wanakumbuka pia kwamba meupe ya wakati huo yalibaki meupe.

Kwa hiyo, mwenye gari jeupe akiambiwa anunue filamu ili gari lisigeuke njano, anaambiwa jambo lililopinduliwa. Kinachogeuka njano ni filamu. Kwenye gari jeusi unjano huo unaweza kukaa miaka bila kuonekana. Kwenye jeupe unaonekana mapema, na unaonekana vibaya zaidi pale filamu ilipobandikwa nusu ya boneti, maana nusu ya pili iko pale pale ikitoa ushahidi. Kingo nazo zina shida yake: vumbi letu jekundu na moshi hunasa kwenye gundi ya ukingo na kuchora mstari mweusi mwembamba ambao sabuni haiutoi. Fundi mzuri huipitisha filamu mpaka nyuma ya ukingo wa bati ili mstari usiwe na pa kujichora. Anayeishia milimita chache kabla ya ukingo kwa sababu ndiyo njia ya haraka, kazi yake itaonekana kabla ya mwaka kwisha.

Kinachoamua kama filamu itageuka njano mapema au itavumilia ni plastiki iliyotengenezewa. Ya bei nafuu kabisa ni PVC, ndugu wa karibu wa plastiki ya mabomba. Ili ilainike huwekewa vilainishi, na vilainishi hivyo hutoka kidogo kidogo kwa joto mpaka plastiki inakauka, inasinyaa, inapasuka. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa jina la TPH kimsingi ni PVC iliyolainishwa zaidi. Juu yake kuna poliurethani, nayo ina koo mbili: ya aromatiki, ambayo hugeuka njano kwa miale ya jua, na ya alifatiki, ambayo huistahimili kwa muda mrefu. Kwa gari jeupe la pwani, kwa maoni yangu, alifatiki peke yake ndiyo inayostahili kuzungumzwa. Wahenga walishasema rahisi inavunja upishi, na kwenye hili walisema kweli tupu.

Mnunuzi si lazima awe mkemia. Omba kipande cha mabaki dukani, uvute kwa vidole. Poliurethani hurefuka kisha hurudi, PVC hurefuka ikabaki imelegea. Kisha kibandike kwenye karatasi nyeupe, ukifunike nusu yake kwa kadibodi, ukiweke juu ya paa la nyumba wiki kadhaa za Januari na Februari. Siku ukiondoa kadibodi utajua kama nusu mbili bado zinafanana. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha kupima ameshakupa jibu.

Hata ukipata filamu bora, bado kuna jambo ambalo naona linasemwa kwa uchache mno. Filamu hubanduka siku moja. Lazima ibanduke, kwa sababu viambato vyake vya kuzuia miale huisha, na ikipitiliza umri wake gundi hukomaa kwenye rangi. Usalama wa siku hiyo hautegemei filamu tu. Unategemea jinsi rangi iliyo chini yake ilivyoshikana na gari.

Niliwahi kusimama kwenye gereji moja mjini wakati fundi akibandua filamu ya zamani kwenye boneti ya gari jeupe la lulu, mwenye gari, mama wa makamo, akiwa pembeni ameshika mkoba kwa mikono miwili. Fundi alianza kona ya taa ya kushoto, mkono mmoja ukipuliza hewa ya moto, mwingine ukivuta filamu taratibu ikiwa imelala karibu kabisa na bati, kama inavyotakiwa. Ilikuwa imeshakauka. Ilikatika vipande visivyozidi ukucha, na gundi ikabaki nyuma, ya njano, inanata. Alisonga hivyo mpaka karibu na kioo cha mbele, na hapo kipande kikubwa kikatoka kwa mkupuo. Alikigeuza. Upande wa chini kilikuwa cheupe. Rangi ilikuwa imekuja nayo, na pale boneti ilipobaki wazi hakukuwa na bati wala praima, bali rangi nyingine nyeupe, ya zamani, inayong'aa vizuri kabisa.

"Mama, hii boneti ilishapigwa rangi," fundi alisema. "Walipuliza juu ya klia bila kupiga msasa."

"Niliambiwa halijaguswa, fundi. Kutoka Japani moja kwa moja."

"Basi huko huko liliguswa, au bandarini. Tukiendelea kuvuta, yote inakuja."

"Na tukiacha?"

"Tukiacha itakuja yenyewe, mama, ila polepole."

Aliyeipuliza rangi ile bila msasa ndiye mwenye kosa la kwanza. Aliyebandika filamu juu yake bila kuipima ndiye mwenye kosa la pili, na huyo wa pili ndiye aliyepokea fedha za mama yule. Kuna kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, kinatoshea kiganjani, unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Paneli iliyosoma 110 haijaguswa. Iliyosoma 280 imepigwa rangi upya. Inayopita 1,000 ina puti chini. Duka linalotoza mamilioni ya shilingi kufunika gari zima halina sababu ya kukosa kifaa hicho, na halina sababu ya kukosa dakika chache za kuzunguka gari nacho mbele ya mteja.

Dalili nyingine zipo kwenye karatasi ya mnada wa Japani, ambayo wanunuzi wetu wengi hutumiwa na kuishia kutazama daraja la jumla, kama ni 4 au 3.5. Chini yake kuna mchoro wa gari wenye herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, XX ni paneli iliyobadilishwa, na W ni paneli iliyofanyiwa matengenezo, namba yake ikionesha ni kwa kiasi gani. Gari lenye W2 kwenye boneti linaweza kuwa zuri sana la kuendesha. Boneti hiyo tu usiibandike filamu kabla fundi rangi unayemwamini hajaiangalia. Soma pia dhamana ya filamu. Nyingi zinaahidi kwamba filamu haitageuka njano wala kupasuka, na hapo hapo zinajitoa kwenye rangi isiyo ya kiwandani ikibanduka. Anayelipa hasara ile ni wewe.

Tatizo haliishi kwa rangi za gereji. Hata rangi ya kiwandani, ikiwa nyeupe, imewahi kulegea kwa jua. Mwaka 2019 Toyota ilitangaza huko Amerika Kaskazini mpango wa kuwapigia wateja rangi upya magari meupe ya matoleo kadhaa, Corolla, Camry na RAV4 yakiwemo, ya rangi mbili: nyeupe ya kawaida yenye namba 040 na nyeupe ya lulu yenye namba 070. Toyota ya Australia nayo ilitoa taarifa kuhusu 040, ikieleza kwamba mwanga wa jua hatimaye hudhoofisha mshikamano kati ya tabaka la chini kabisa, lile linalopakwa kwa umeme juu ya bati, na praima iliyo juu yake. Tabaka hilo la chini kwa kawaida ni la epoksi, na epoksi haipatani na miale ya jua. Limewekwa kuzuia kutu, likitarajiwa kuishi gizani. Mwanga ukilifikia kidogo kidogo kwa miaka, mshiko unakufa, na rangi inaondoka kwa vipande vipana, ikiacha kijivu.

Mipango ile iliwekwa kwa ajili ya wamiliki wa nchi zile. Magari meupe ya umri ule sisi tunayo barabarani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, Tanzania inaruhusu ya zamani zaidi kwa kodi ya nyongeza, na kwa vyovyote gari likifika Mombasa au Dar es Salaam limeshakula jua la miaka kadhaa kabla hatujaliongezea letu. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati kidogo, ama ndani ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango. Ukikuta 040 au 070 usitishike, magari mengi ya namba hizo yako salama. Tazama kwa karibu ukingo wa juu wa kioo cha mbele, mifereji ya paa na kona za boneti. Ukiona kimalengelenge au mstari mwembamba wa kijivu ambapo rangi imeanza kuinuka, gari hilo lisifunikwe filamu kabisa. Gundi ya filamu imetengenezwa ishike kwa nguvu, nayo siku ya kutoka itachagua kiungo dhaifu kuliko vyote. Kwenye gari la namna hiyo kiungo dhaifu kiko chini ya rangi.

Kuhusu ubandikaji wenyewe nitasema kidogo, kwa kuwa mafundi wetu wazuri wameshafika mbali. Filamu hubandikwa kwa maji yenye sabuni laini ili iteleze mpaka ikae sawa, kisha maji hukamuliwa kwa kipangusio cha mpira. Kwenye joto la nyuzi 33 chini ya bati la gereji maji hayo hukauka kabla fundi hajamaliza kona, gundi inashika mapema, na michirizi ya kuvutwa inabaki humo milele. Chembe moja ya vumbi chini ya filamu angavu juu ya rangi nyeupe utaiona kila asubuhi. Kazi hii inataka chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji, kiyoyozi. Inataka pia filamu iliyokatwa kwa mashine kulingana na umbo la gari, kwa sababu wembe unaokatia juu ya gari huacha mkato kwenye klia, na mkato huo utauona siku filamu itakapotoka. Gereji inayobandika chini ya mwembe, hata kama fundi wake ana mikono ya dhahabu, haijakuwa tayari kwa kazi hii.

Mwembe wenyewe nao una kesi ya kujibu. Dar es Salaam na Zanzibar tuna kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajatupa nafasi. Kinyesi chao kikikauka juani juu ya boneti, klia iliyo chini hupata moto na kulainika, hulichukua umbo lake, kisha jioni hujikunja ikipoa na kubaki na alama. Asidi iliyomo humaliza kazi. Filamu hapa inasaidia kweli, kwa maana alama inabaki kwenye filamu. Asiye na filamu anaweza kulowesha kitambaa, kukilaza juu ya uchafu dakika chache mpaka ulainike, kisha kuuinua bila kusugua. Maji yanatosha. Na yawe maji matamu: vya wengi wetu ni visima vya chumvi, na gari likioshwa saa saba mchana kwa maji hayo likaachwa likauke lenyewe, madoa ya madini huungua ndani ya klia na ndani ya filamu vilevile. Vijana wanaotuoshea magari wakipewa ndoo mbili, kitambaa cha magurudumu kikatengwa na cha bodi, na sabuni ya unga ya kufulia ikaachiwa nguo, rangi nyeupe itaongeza miaka bila mtu kununua chochote.

Nimesema filamu inauzwa kwetu kama mwavuli. Mwavuli wa kweli upo, na ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaujua. Kule joto la kiangazi hupita nyuzi 45, magari meupe yamejaa, na biashara ya filamu ni kubwa kuliko kwetu. Lakini ukifika kwenye maegesho ya ofisi zao, ya maduka na ya misikiti mingi, utayakuta yamefunikwa kwa mahema ya turubai yaliyotandazwa juu ya nguzo za chuma, safu kwa safu. Gari linakaa kivulini kwanza, filamu inafuata. Sisi tumeichukua filamu tukayaacha mahema. Hospitali zetu, benki, vyuo na ofisi za serikali zinajenga maegesho ya zege tupu, jua likiwaka juu na zege likilirudisha kutoka chini, kisha mfanyakazi anaambiwa akalinde gari lake kwa mshahara wake. Kivuli kinazuia joto na miale kwa pamoja. Hakigeuki njano, hakiachi gundi, na kinamhudumia mwenye IST sawa na mwenye Land Cruiser. Mamlaka za miji zinazotoa vibali vya ujenzi zingeweza kudai kivuli kwenye maegesho kama zinavyodai maegesho yenyewe.

Mwenye fedha kidogo ya filamu baada ya hapo, aanze na taa za mbele. Vioo vya taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti yenye ngozi nyembamba ya kuzuia jua, na ngozi hiyo ikiisha taa hugeuka njano na ukungu, mpaka usiku dereva haoni mtembea kwa miguu. Vipande viwili vya filamu nzuri juu ya taa bado safi vitamlinda mtu aliye barabarani pia. Kisha bampa ya mbele, ukingo wa boneti, vioo vya pembeni. Paa na buti ningeziacha, hata kwa gari jipya. Huko hakufiki kokoto, na ndiko filamu inakokufa mapema.

Ombi langu kwa wenye maduka ya filamu, na ni ombi ambalo halitawagharimu zaidi ya kalamu: andikeni kwenye risiti aina ya plastiki mliyobandika, namba ya roli, vipimo vya rangi ya kila paneli kabla ya kubandika, na mwaka ambao filamu hiyo inapaswa kubanduliwa. Wateja nao wasilipe shilingi ya mwisho mpaka mambo hayo manne yameandikwa na kusainiwa.